Rosa au Zakaria: nani mwenye dhambi?

Mwalimu wa Ng'apa

Ndugu zangu wa Lindi na Mtwara, salaam. Nafundisha Kiswahili sekondari. Wiki iliyopita mzazi mmoja alikuja ofisini kashika kitabu kwa ncha za vidole, kama mtu anayetoa panya aliyekufa kabatini. Kilikuwa *Rosa Mistika* cha Euphrase Kezilahabi, nilichomwazima binti yake wa kidato cha tatu. Akakiweka mezani, akaniuliza: "Mwalimu, hiki ndicho unachomlisha mwanangu?" Kisha akakichukua tena, akaondoka nacho.

Kwa asiyekisoma: kilitoka mwaka 1971, kisa kinaanzia Ukerewe. Zakaria ni mlevi anayewabana mabinti zake kwa kipigo. Rosa anapigwa vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana. Anakua akiwaogopa wanaume, na anapokuwa mbali na macho ya baba anafanya yote aliyokatazwa. Mwisho anajiua. Kezilahabi hamwachi hapo, anampeleka yeye na baba yake mbele ya Mungu, na suala la nani alaumiwe, mtoto au baba, linatamkwa huko huko.

Swali langu: je, hadithi inayoonesha dhambi inafundisha dhambi? Na ninyi mngekuwa mahakimu, kizimbani mngemweka Rosa au Zakaria?

Mzee wa Chikongola

Rosa. Sioni ugumu uko wapi. Kurani inasema hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine, na Ezekieli 18 inasema mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Vitabu viwili, neno moja. Zakaria ana dhambi zake, atajibu. Lakini si Zakaria aliyeingia vyumbani mwa wanaume.

Na kile kitabu kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni. Waliofanya hivyo hawakuwa wajinga. Zamani waandishi walijua kazi yao. Msome Shaaban Robert, *Adili na Nduguze*: Hasidi na Mwivu wanamfanyia ubaya ndugu yao, wanageuzwa manyani, wanachapwa mijeledi kila usiku. Mtoto akifunga kitabu anajua wivu una malipo.

BintiMikindani

Mzee wangu shikamoo. Umekisoma hadi mwisho? Adili anawachapa wale manyani huku analia. Kila usiku analia. Amelazimishwa kuwachapa, na baada ya kuwachapa anakula nao. Na mwisho wanaombewa msamaha, wanarudi kuwa watu. Kitabu kile cha mwaka 1952 kinatufundisha kwamba mwenye haki ya kuadhibu ni yule ambaye adhabu inamuuma na yeye. Zakaria alilia lini?

Tena, Mwalimu, hukuwa na haja ya kuniuliza mimi nimweke nani kizimbani. Wanaume wa visiwani kule pombe imewalea, wanashinda kilabuni, binti akikosea ndiyo wanakumbuka kwamba wao ni baba.

Mkerewe Mtwara

Dada, nilikuwa nasoma kimya, lakini hapo umenigusa. Kezilahabi alizaliwa Ukerewe kwetu, Namagondo. Aliandika kwa uchungu wa nyumbani, hakuandika ili watu wa pwani mpate cha kutusema. Baba yangu ni mzee wa Ukerewe, hajawahi kuonja pombe, ametusomesha saba kwa nyavu na mihogo.

Na kama tunahesabiana aibu, mimi niko huku Mtwara mwaka wa sita. Nimeona likizo ya shule ikifika, magari yanapita na spika, mabinti wa miaka minane, tisa, wanapelekwa unyagoni kufundishwa mambo ya chumbani. Halafu mnakuja kumhukumu Rosa? Rosa angalau alikuwa mtu mzima.

Mama Nanyamba

Mwanangu Mkerewe, umekaa miaka sita, hujakaa ndani. Mimi nimechezwa. Nilifundishwa hedhi na namna ya kuifua. Nilifundishwa kutoingia chumbani kwa wazazi bila hodi, kumpisha mkubwa njiani, kunyamaza mkubwa akinena. Hakuna nyakanga, mwalimu wa unyago, aliyeniambia nenda kafanye. Nilifundishwa siri, na siri ndiyo ilinitunza.

Ninachokubali ni kimoja: sisi tulingoja tuvunje ungo. Siku hizi watu wanatazama mfuko, wakiuza korosho mwaka huu wanamcheza mtoto mwaka huu, ana miaka saba hajui anaambiwa nini. Hilo ni kosa letu, na nimelisema hata kwenye vikao vya akina mama. Lakini usiiite mila yangu danguro.

Mkerewe Mtwara

Sijasema danguro, mama. Neno hilo umelileta wewe.

Mama Nanyamba

Umelisema bila kulitaja.

Kijana wa Masasi

Tusigombane kana kwamba tumeanza sisi. Misheni ya Waanglikana ilipokuja Masasi mwaka 1876 na watumwa walioachwa huru, wamisionari wengi walitaka jando na unyago vife, wakaviita giza. Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, akaona tofauti. Akachukua jando, akaliingiza kanisani: vijana wanakwenda kichakani, wanatahiriwa, wanafundishwa, lakini na msalaba upo na sala zipo. Walikuwepo waliomlaumu kwamba anabatiza ushenzi. Yeye aliona ukiwaondolea watu mahali wanapofundishwa jema na baya, unawaachia shimo.

Halafu Mzee, huyo Shaaban Robert unayemtaja, ukoo wake ni wa Wayao. Kwa hiyo ni wetu.

Mzee wa Chikongola

Kazaliwa Vibambani, Tanga, 1909. Wa Tanga huyo.

Kijana wa Masasi

Kuzaliwa Tanga hakumwondolei Uyao. Kuku akiatamia yai la bata anatoka bata.

Mzee wa Chikongola

Mwenyewe alijiita Mswahili. Mwacheni na alichojiita. Mnadandia marehemu wa watu.

Ustadhi wa Lindi

Assalaam alaykum. Nimesoma yote, na nina machungu mawili.

La kwanza ni kwa Mzee, kwa heshima zote. Umetaja aya ya mzigo, umesema kweli. Ila ipo na Sura An-Nur, aya ya nne: anayemsingizia mwanamke mwenye staha akashindwa kuleta mashahidi wanne, achapwe viboko themanini na ushahidi wake usikubaliwe tena. Mashahidi wanne, waliomwona kwa macho! Maana yake Mwenyezi Mungu ameujengea ukuta mdomo wa mtu. Sisi tumeubomoa. Binti akivaa khanga upande, tumeshamfunga hukumu kabla ya adhana ya magharibi.

La pili ni namna tunavyohubiri hofu. Hapa Lindi mwaka 1908 ilisambaa barua iliyoitwa ya Makka. Ilisema mtunza kaburi la Mtume amemwota Mtume akionya kwamba umma umepotea, kiyama kimekaribia, tubuni. Ilinakiliwa kwa mkono, ikapita mji kwa mji, na Wajerumani wakatetemeka wakidhani ni Majimaji nyingine, maana ile ya 1905 ilikuwa haijapoa. Leo barua ya namna ile ile inapita kwenye WhatsApp: tuma kwa watu kumi, usipotuma utapata msiba. Zaidi ya miaka mia na bado watu wanatubu kwa kuogopa msiba. Toba ya kuogopa barua haimrudishii mtu kuku wake uliyemwiba.

Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, alipoandika *Al-Inkishafi*, hakusimama juu ya kichuguu kuwapigia kelele wenye dhambi. Aliusemesha moyo wake. Moyo wangu, kwa nini huzinduki? Akautazamisha majumba ya Pate yaliyogeuka magofu. Hakimu na mshitakiwa wamo kifuani mwa mtu mmoja. Hivyo ndivyo fasihi yetu ilivyozaliwa.

BintiMikindani

Ustadhi, ahsante. Na upande wa Biblia iko vile vile. Daudi amechukua mke wa Uria na kumuua Uria. Nabii Nathani hakwenda na amri mkononi. Alikwenda na hadithi: palikuwa na tajiri mwenye kondoo wengi na maskini mwenye kondoo mmoja wa kike, anamlisha chakula chake, analala kifuani pake. Tajiri akamchinja yule mmoja. Daudi akawaka, akasema mtu huyo anastahili kufa. Ndipo Nathani akamwambia mtu huyo ni wewe.

Kama hadithi zinaharibu watu, basi Nathani alikosea. Mwalimu, mwambie yule mzazi hivyo.

Na yule mwanamke wa Yohana 8, aliyeletwa kwa Yesu kwamba amefumaniwa: mwanamume wake aliachwa wapi? Hakufumaniwa peke yake. Mwaka 2017 Rais Magufuli alisema hadharani aliyezaa asirudi shule ya serikali, tukapiga makofi. Novemba 2021 serikali ikaruhusu warudi, tukanuna. Katika makofi na kununa, nani kati yenu aliuliza baba wa mtoto yuko darasa la ngapi au duka lake liko wapi?

Mtoto wa Mahuta

Nimeandika nikafuta mara tatu. Sasa sifuti.

Mnabishana Rosa na Zakaria. Huku kwetu Zakaria asingekuwa baba. Angekuwa mjomba. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, binti akiharibikiwa anaitwa mjomba ndiyo mkeka unatandikwa. Mimi ndiye huyo mjomba.

Mwaka 2022 mpwa wangu alipata mimba kidato cha pili. Tukakaa. Alikuwa kakaa kwenye mkeka kanyoosha miguu, kajitanda khanga, anachomoa ukindu wa mkeka mmoja mmoja kwa ukucha. Mpaka tunamaliza alikuwa ametoboa tundu la kupitisha ngumi. Dada yangu akasema serikali sasa imeruhusu, akijifungua arudi shule. Nikasema hapana. Nikasema amelichafua jina, akae nyumbani wenzake waone. Nilizungumza vizuri sana siku ile, wazee wakanipongeza.

Wiki hiyo hiyo nilikwenda kijiji cha pili kununua korosho. Wa kusini mnajua naongelea nini. Kangomba, kumnunulia mkulima kwa kopo, kwa bei ya chini, nje ya mnada. Ilikuwa mwezi wa tisa, minada haijafunguliwa, watu hawana kitu. Nilikuwa na kopo la kilo, na kitako cha lile kopo nilikuwa nimekigonga kwa nyundo kutokea ndani mpaka kimetokeza. Nikafika kwa bibi mmoja, mjane. Nikampimia makopo 64. Katikati ya kupima akanyoosha mkono, akalichukua kopo, akaligeuza, akapapasa kitako chake taratibu. Akasema: "Mwanangu, kopo lako lina mimba."

Vijana waliobeba magunia wakacheka. Mimi nikacheka. Yeye hakucheka. Akanirudishia, akasema endelea kupima, nahitaji hela ya dawa.

Nimekaa na neno lile miaka yote hii. Mimba moja niliiitia kikao. Mimba nyingine nilikuwa nayo mkononi.

Kijana wa Masasi

Wewe ni wa kukamatwa, si wa kujadiliwa. Mama yangu ameuza kwa watu wa aina yako tangu nikiwa mdogo. Mwaka 2018 serikali iliponunua kwa 3,300 kilo na wanajeshi wakaja kubeba, mlijifanya wakulima, mkajaza fomu za mashamba ambayo hamjawahi kuyapalilia. Usitulilie hapa.

Mtoto wa Mahuta

2018 sikuwemo. Mengine yote ni kweli.

Mzee wa Chikongola

Nisemeje. Katika umri wangu sijasikia mtu akiletwa mbele ya ukoo kwa sababu ya kopo. Kwa mimba nimekaa vikao visivyo na idadi.

Ila kijana, dhambi haitangazwi hivi. Mungu alikusitiri, mbona unajivua?

Ustadhi wa Lindi

Mzee amesema jambo la hadithi sahihi: umma wote utasamehewa ila wanaojidhihirisha, yule aliyesitiriwa usiku na Mola wake, asubuhi akaenda kuwasimulia watu. Lakini hapo anasemwa anayesimulia kwa kujigamba. Huyu hajajigamba.

Hata hivyo, ndugu yangu wa Mahuta, kusema hapa hakukusafishi. Dhambi kati yako na Mola, unatubu, unajuta, unaacha, imekwisha. Haki ya mja haifutiki mpaka uirudishe au mwenyewe akusamehe. Ipo sura nzima ya wapunjao, Al-Mutaffifin, inaanza na ole wao. Wakijipimia wanataka kamili, wakiwapimia watu wanapunguza.

Mkerewe Mtwara

Sisi Wakatoliki tunaungama kwa padri, na padri hatoi neno hata akikatwa kichwa. Lakini nikiri, mara nyingi nimeungama hasira, nimeungama uvivu wa kusali, nimeungama macho yangu. Sijawahi kusikia padri akiniuliza: na mizani? Na mimi nina duka, Mtwara hapa hapa. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Naijua tangu katekesi.

Mama Nanyamba, nisamehe kwa maneno ya unyago. Niliyasema kwa hasira ya baba yangu.

Mama Nanyamba

Nimekusamehe. Na BintiMikindani naye amwombe radhi baba yako.

BintiMikindani

Kaka, namwomba radhi mzee wako. Mtu aliyesomesha saba kwa nyavu sikustahili kumweka kundi moja na Zakaria.

Mama Nanyamba

Sasa wewe wa Mahuta. Umesema makopo 64. Kopo moja lilizidi kiasi gani?

Mtoto wa Mahuta

Nililipima baadaye kwenye mizani ya duka. Linabeba kilo na robo.

Mama Nanyamba

Basi kilo 16 hukumlipa hata senti. Na zile 64 ulimlipa bei gani kulinganisha na ya mnada mwaka ule?

Mtoto wa Mahuta

Kama nusu.

Mama Nanyamba

Hesabu mbili hizo. Kilo 16 kwa bei nzima, na kilo 64 kwa nusu uliyomkata.

Ustadhi wa Lindi

Mama, kilo 16 ni wizi, hakuna mjadala. Hiyo nusu, bibi aliikubali mwenyewe, na mauziano ya kuridhiana ni halali.

Mama Nanyamba

Ustadhi wangu, aliridhia au alikuwa mgonjwa? Mtu anayehitaji dawa leo anaridhia chochote. Usinifundishe kuridhia mimi, nimeuza korosho zikiwa bado maua.

Ustadhi wa Lindi

Unachosema kina uzito. Kumnunulia mwenye dhiki kwa kumnyonya wanazuoni wamekichukia. Alipe zote, ndiyo salama yake.

Mwalimu wa Ng'apa

Swali langu lilikuwa la kitabu, lakini sitawarudisha. Kaka wa Mahuta, bibi yupo?

Mtoto wa Mahuta

Alifariki mwaka jana. Binti yake mkubwa ndiye anakaa kwenye nyumba.

Ustadhi wa Lindi

Haki inakwenda kwa warithi. Usiende kuitoa sadaka msikitini ukadhani umemaliza. Nenda kwa huyo binti, umwambie ni ya nini.

Mzee wa Chikongola

Mimi bado nasema Rosa ana lake la kujibu. Ila kama ni kupanga foleni kizimbani, Zakaria atangulie.

Na yule mpwa wako? Umetueleza bibi mpaka kilo. Mpwa umemwacha kwenye mkeka.

Mtoto wa Mahuta

Yupo, Mzee. Mtoto wake anatembea sasa. Tangu kikao kile haniiti mjomba, akiniita ananiita "wewe."

Jana, baada ya kusoma maneno yenu, nilikwenda kwa dada yangu. Nilimkuta anatwanga. Nikamwambia kama anataka kurudi shule, sare, nauli na madaftari ni juu yangu. Hakuacha kutwanga. Akaniuliza hela hiyo ni ya kopo au ya shamba.

Nikamwambia ya shamba. Akasema nimpe mpaka mwisho wa mwezi afikirie. Jumamosi nakwenda kwa yule binti wa marehemu. Dada yangu atakuja nami, na mpwa ameomba kuja.

Mwalimu wa Ng'apa

Akiamua, nitafute, nitamwelekeza aanzie wapi. Kitabu bado kiko kwa yule mzazi, wiki ya pili sasa. Kikirudi nitamwazima na yeye akikitaka.